Shemeji Aliyesema Kweli

Mtu wa bonde la Vindokka ukimuuliza mshahara wake, atakutajia. Ukimuuliza habari za figo zake, atakueleza mpaka ujute kuuliza. Lakini muulize asubuhi ya mashindano amepaka nta gani chini ya ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, utaona macho yanahama, yanakwenda kutazama kilele cha mlima kana kwamba jibu limeandikwa huko, kisha atakudanganya. Si kwa ubaya. Anakudanganya kama vile mtu anavyoulizwa hujambo akajibu sijambo, huku jino linamuua. Ni adabu tu.

Na katika bonde lile lote hakuna aliyekuwa na adabu hiyo kumshinda Embrik Rudningen.

Embrik alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, mtu mwembamba wa makamo, mwenye pua ndefu ambayo kwa maneno yake mwenyewe ilinusa joto na baridi bila kuhitaji kipimo. Alikuwa akichota theluji kwenye glavu, anaifinya, anaipuliza, anaitazama ikianguka, halafu anatikisa kichwa kama daktari aliyekwishaona ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Na kupatia si jambo dogo. Nta ikiwa ngumu mno kwa theluji ya siku hiyo, ski hazishiki. Unapanda kilima, mguu unarudi nyuma kama uliokanyaga ganda la ndizi. Ikiwa laini mno, theluji inang'ang'ania chini ya ski, husogei. Kati ya maovu hayo mawili kuna njia ya kupita, na siku ambayo joto linacheza karibu na nyuzi sifuri, njia hiyo huwa nyembamba kama unywele.

Mwaka uliotangulia, asubuhi ya mashindano ya bonde, shemeji yake Torgrim alimjia akamuuliza amepaka nini. Embrik akajibu, "Bluu," bila kupepesa. Bluu ni ya baridi kali, na siku ile paa zilikuwa zinadondoka maji. Torgrim, ambaye ni seremala na huamini kwamba ubao ukipimwa umepimwa, akaenda akapaka bluu. Alirudi kwa miguu, ski begani, mbele ya umati, siku ambayo wajukuu wake walikuwa wametengeneza bango lenye jina lake.

Tangu hapo Torgrim hakukanyaga nyumba ya dada yake. Dada yake huyo, Gudveig, ndiye mke wa Embrik.

"Leo utamwendea kaka yangu," Gudveig alisema asubuhi ya mashindano ya mwaka huu, akimmiminia mumewe kahawa, "na utamwambia umepaka nini."

"Nitamwambia."

"Kweli."

"Si nimesema nitamwambia?"

"Embrik, nimesema utamwambia kweli. Hilo neno mbona linakukwama kooni?"

"Gudveig, haya ni mashindano! Daktari wa mifugo anadanganya. Mchungaji anadanganya! Mwaka juzi mchungaji mwenyewe aliniambia amepaka zambarau, akiwa bado na kola shingoni."

"Mchungaji hakumdanganya kaka wa mkewe." Gudveig aliweka birika chini. "Nina kaka mmoja tu. Krismasi nilipika mbavu za kondoo za kulisha ukoo, tukakaa mezani mimi na wewe, tukatazamana kama watu waliokosa basi. Sitaki Krismasi nyingine ya namna hiyo."

Embrik alitazama kahawa. Yeye pia hakuifurahia Krismasi ile, ingawa kwa sababu nyingine: mbavu zilibaki, akazila mpaka mwezi wa pili.

"Haya," alisema. "Nitamwambia kweli tupu."

Alitoka nje, na ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Alichota theluji, akaifinya. Usiku ilikuwa imeanguka theluji mpya, kidogo tu, kavu, nyepesi. Chini yake, Embrik alijua, kulikuwa na barafu ngumu iliyobaki baada ya joto la juma lililopita. Redio ilikuwa imetangaza upepo wa joto kutoka kusini-magharibi, ufike kabla ya adhuhuri. Basi akapiga hesabu: wa kwanza kupita watafagia hiyo theluji mpya, itabaki barafu, upepo utakuja, barafu italowa, na juu ya barafu iliyolowa nta ya kawaida haifai kitu. Hapo unataka ulimbo.

Ulimbo ndio jina linaloifaa nta ile ya kwenye tyubu, inayovutika kama ile ya kunasia ndege. Inanata kwenye vidole, kwenye nywele, kwenye mlango wa gari, na katika nyumba ya Embrik iliwahi kunata kwenye kochi jipya, mambo ambayo hayasimuliki. Lakini kwenye barafu iliyolowa, hakuna mfano wake. Embrik aliupasha moto ulimbo wa zambarau, akaupaka kwa kidole gumba, mwembamba, sawasawa, akiimba.

Ilikuwa hesabu nzuri. Hata leo ukiifuata hatua kwa hatua hutaona kosa lake, ila tu kwamba hali ya hewa haikuifuata.

Uwanja wa kuegesha magari ulikuwa umejaa. Kila gari lilikuwa wazi nyuma, na kila mtu alikuwa ameinama juu ya ski zake akiwa amewapa wengine mgongo, kama watoto wanaoficha majibu ya mtihani. Torgrim alikuwa mwisho kabisa wa uwanja, mtu mkubwa, mwekundu, amevaa kofia ya sufu aliyofumiwa na marehemu mama yake.

"Shemeji," Embrik alisema.

Torgrim hakugeuka. "Sauti hiyo naifahamu. Nilidhani mwenyewe alikwisha kufa."

"Nimekuja kukuambia nimepaka nini."

"Mbona sijakuuliza?"

"Ndiyo maana nakuambia."

"Haya sema. Nichekeshe. Tangu nimeamka sijacheka."

"Ulimbo. Wa zambarau."

Sasa Torgrim aligeuka. Aliitazama theluji iliyolala juu ya boneti ya gari lake, akaipuliza. Iliruka yote, kavu kama unga wa sembe. Kisha akamtazama Embrik.

"Ulimbo," alisema taratibu. "Kwenye theluji kama hii."

"Chini yake ni barafu tupu, shemeji. Na upepo wa joto unakuja, redio imesema."

"Mwaka jana uliniambia bluu, ukaniangalia hivyo hivyo, macho kama ya ndama."

"Mwaka jana nilikudanganya. Nakiri. Leo nasema kweli. Tazama basi!" Embrik aliigeuza ski yake akamwonyesha chini. Ulimbo ulikuwa unang'aa, rangi ya zabibu iliyoiva. "Gusa!"

Torgrim aligusa, akakitazama kidole chake, akakifuta kwenye suruali ya Embrik.

"Hizi ni za maonyesho. Za kukimbilia umezificha wapi? Chini ya kiti?"

"Sina nyingine!"

"Ati nini? Embrik Rudningen, fundi wa nta wa Vindokka, ana ski jozi moja!" Torgrim alicheka kicheko kilichofanya watu wa magari matatu wainue vichwa. "Ahsante, shemeji. Umenifurahisha kweli. Lakini mwaka jana angalau ulijitahidi kidogo."

Kisha, mbele ya macho ya Embrik, akatoa mfukoni kopo la nta ya bluu, akaipaka, akaisugua kwa kizibo cha kulainishia, polepole, akipiga mluzi.

Embrik aliondoka akiwa mtu mwenye furaha, na tusimlaumu. Ahadi aliyompa mkewe alikuwa ameitimiza, tena kwa kuonyesha na kwa kugusisha. Kama mtu ameletewa ukweli mpaka mlangoni akaufungia nje, huyo aliyeuleta afanye nini zaidi? Na juu ya hayo yote, yeye angeshinda. Si kila siku mtu anafanya wema na kulipwa papo hapo.

Asgjerd, mwenyekiti wa chama cha ski, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti ingawa kila mwaka alikishika, aliwaita kwenye mstari. Njia ilikuwa ileile ya miaka yote: kutoka ukumbi wa kijiji, kupitia msitu wa misonobari, mpaka kwenye zizi la kiangazi juu mlimani, kisha kugeuka na kurudi. Bastola ikalia.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Pale bondeni, ambako watu walikuwa wamepita tangu asubuhi, barafu ilikuwa imefichuka kama Embrik alivyotabiri, na ulimbo ukashika kama mkono wa mama. Kila alipopiga mguu, alikwenda. Alimpita daktari wa mifugo. Alimpita mchungaji, aliyekuwa akiteleza kurudi nyuma huku akisema maneno ambayo hayamo katika kitabu cha sala. Alipoingia msituni alikuwa miongoni mwa wa mbele, akiwaza atakaposimama jukwaani atamtazama Torgrim kwa huruma, si kwa dharau.

Hapo kitu chepesi kikamgusa puani.

Alitazama juu. Upepo wa kusini-magharibi haukuwako. Badala yake wingu la kijivu lilikuwa limeteremka mpaka kwenye vichwa vya miti, na theluji ilianza kuanguka, mpya, kavu, nyingi, kwa utulivu wa mtu asiyesikiliza redio.

Ulimbo na theluji mpya kavu ni maadui wa kale, au tuseme ni wapenzi wa kale, maana wakikutana hawaachani. Embrik alihisi ski zinakuwa nzito. Akapiga mguu, ski haikuteleza. Akainua mguu, ukaja na donge la theluji ukubwa wa mkate. Alisimama akalikwangua kwa kikwaruzo, akapiga hatua chache, likarudi kubwa zaidi. Baada ya muda akawa amesimama juu ya visigino virefu, ila visigino vyenyewe vilikuwa katikati ya nyayo, naye akiyumba huku na huku kama bibi harusi mlevi. Daktari wa mifugo akampita. Mchungaji akampita, amekwisha kurudia maneno ya kitabu cha sala. Watu walikuwa wakimpita kwa heshima, bila kusema neno, kama wanavyopita penye ajali.

Karibu na zizi, alisikia nyuma yake mtu anakuja akiimba kwa pua. Alikuwa Gudveig, naye pia mshindani. Gudveig hakuwa akipaka nta. Ski zake zilikuwa za manyoya, zenye utepe wa manyoya chini ya mguu, unaoshika kila theluji bila kuuliza jina lake. Embrik alikuwa akiziita ski za wagonjwa.

"Unataka msaada?" mkewe aliuliza, akipunguza mwendo.

"Sitaki."

Gudveig aliyatazama yale madonge. "Mungu wangu. Ni ulimbo?"

"Upepo ulikuwa uje."

"Na kaka yangu ulimwambia hivyohivyo? Apake ulimbo?"

"Nilimwambia. Kweli tupu, kama ulivyotaka."

"Maskini Torgrim," Gudveig alisema, na uso wake ukaanguka. "Mwaka wa pili huu. Sasa hatakuja hata kwenye mazishi yangu." Akaondoka, na ajabu ya ski za wagonjwa ni jinsi zilivyotoweka upesi.

Embrik hakupata nafasi ya kumweleza. Alikuwa amechuchumaa anakwangua aliposikia juu yake mlio wa ski zinazoteremka kwa kasi. Alikuwa Torgrim, aliyempita msituni bila wao kutambuana katika theluji ile, amekwisha kugeuka kwenye zizi, anarudi, ndevu zimejaa theluji, nta yake ya bluu ikiimba. Alikuwa wa kwanza wa rika lao, wala wa pili hakuonekana. Alipomwona shemeji yake, uso ulichanua kwa furaha ya mwaka mzima. Akafungua mdomo atamke alichokuwa amekiandaa. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye ski za Embrik, kwenye ule ulimbo wa zambarau uliochanganyika na theluji kama uji wenye zabibu, na mdomo ukabaki wazi bila neno. Akapita hivyo, amegeuza shingo nyuma, nusura augonge msonobari.

Embrik alifika ukumbini wakati watu wamekwisha kunywa kahawa na wengi wamekwisha kula soseji. Alikuja kwa miguu, ski begani. Alitarajia kuchekwa. Alikuwa hata ameandaa jibu. Lakini alipoingia, ukumbi ulinyamaza, na Asgjerd mwenyewe akamletea kiti.

"Keti, Embrik," alisema kwa sauti laini, jambo lililomtisha kuliko lolote la siku ile. "Torgrim anataka kusema."

Torgrim alikuwa jukwaani, ameshika zawadi yake, paja zima la kondoo lililokaushwa. Alikuwa mwekundu kupita kawaida.

"Mimi si msemaji," alianza. "Leo asubuhi mtu huyu alinijia akaniambia amepaka ulimbo. Nikacheka. Nikasema, huyu ni mwongo, nifanye kinyume chake. Nikafanya kinyume, na mnaona." Akainua lile paja. "Kisha kule juu nikamkuta kweli amepaka huo huo ulimbo. Nilimwona kwa macho yangu. Tangu hapo nimeteremka mlima mzima nikijiuliza. Embrik Rudningen, anayenusa theluji kabla haijaanguka, apake ulimbo siku kama ya leo? Mtoto mchanga hawezi kukosea hivyo! Hata mtalii hawezi!"

Watu waliitikia kwa vichwa. Hakika, hata mtalii.

"Ndipo nikaelewa," Torgrim aliendelea. "Alijua siwezi kumwamini. Alijua akinitajia bluu, nitaikimbia bluu. Kwa hiyo akanitajia ulimbo, ili nipake bluu. Na nisije nikasikia aibu kwamba nimesaidiwa, akajipaka mwenyewe ulimbo, akajiharibia mbio zake, mbele ya bonde zima. Kwa sababu ya mwaka jana. Shemeji... mimi nimekununia mwaka mzima, na wewe..." Alijifuta macho kwa kofia ya mama yake.

Makofi yalipigwa. Mke wa mchungaji alilia waziwazi. Embrik aliketi akiwa na soseji iliyoviringishwa kwenye chapati ya viazi, aliyopewa bure, na akatambua kwamba wote wanamtazama, na kwamba katika wote hao, mmoja anamtazama tofauti. Gudveig alikuwa amesimama kando ya meza ya keki, mikono kifuani, akingoja.

Alikuwa ameahidi kweli tupu. Alisimama.

"Si hivyo," alisema. "Mimi nilikosea tu."

Ukumbi ukacheka kwa upole, kama watu wanavyocheka mtu akikataa zawadi mara ya kwanza.

"Nasema nilikosea! Nilidhani upepo utakuja. Niliamini ulimbo ndio wenyewe. Nilitaka kushinda!"

"Mnamsikia?" Torgrim alisema, akigeukia watu, machozi yanamtiririka. "Mnasikia anavyosema?"

"Mungu anaujua moyo wake," alisema mchungaji.

"Lakini mimi ni—" Embrik alianza, na hapo shemeji yake alikwisha kushuka jukwaani, akamkumbatia pamoja na soseji na lile paja la kondoo, akamwinua kutoka sakafuni. Embrik alisema kweli mara moja zaidi, lakini alisemea ndani ya sweta ya Torgrim, na hakuna aliyesikia.

Walirudi nyumbani mchana, Gudveig akiendesha, kwa kuwa mikono ya Embrik ilikuwa bado inanata. Kiti cha nyuma kilikuwa na nusu ya paja la kondoo; Torgrim alikuwa amelikata palepale na kusema nusu nyingine ataileta mwenyewe kesho, waile pamoja, na amwambie dada yake achemshe viazi vingi. Theluji ilikuwa inaendelea kuanguka.

"Nilijaribu kuwaambia," Embrik alisema.

"Nilikusikia."

"Haukuwa mpango wowote, Gudveig. Nilikosea tu. Nilisoma theluji vibaya."

"Najua," alisema mkewe, bila kuondoa macho barabarani. "Nilijua tangu nilipokuona kule juu."

Embrik aliunyoosha mguu wake, akaukunja tena.

"Haikukupitia kichwani hata kidogo," aliuliza, "kwamba labda...?"

"Labda nini?"

"Labda nilipanga. Kama alivyosema Torgrim."

"Wewe?" alisema Gudveig.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka wakapita kituo cha basi, alicheka wakipita shule, na penye kona ya kinu cha mbao ikambidi apunguze mwendo, kwa kuwa machozi yalimzuia kuona njia. Embrik aligeuza uso akatazama dirishani. Miaka mingi alikuwa ametamani angalau mtu mmoja Vindokka amwamini kwa neno lake tu, bila kiapo wala ushahidi. Sasa alikuwa amempata, mkewe mwenyewe, na alichotamani ni kwamba angesita kidogo kabla ya kuamini.